Mashine ikisema umeiba tasnifu, usihepe: isome ripoti kwanza

Tuseme ni wewe. Umetoka Golbanti, ukapanda gari la Malindi na mkoba mmoja, ukasonga hadi chuoni. Miaka minne imekatika, tasnifu umeshaipeleka, na nyumbani washaanza kuulizana gari la kwenda mahafali litakodiwa wapi. Halafu barua pepe inaingia, mistari mitatu tu: kazi yako imeonyesha ufanano wa asilimia 43, unatakiwa kufika mbele ya kamati, na hadi kesi iishe jina lako halitakuwa kwenye orodha ya wanaohitimu.

Hapo tumbo linakuwa la moto. Na wengi hufanya moja kati ya mambo matatu. Kuna anayezima simu. Kuna anayetafuta msee wa "kushusha asilimia" kwa elfu mbili. Na kuna anayerudi nyumbani na kuwaambia wazazi kwamba mahafali yameahirishwa. Yote matatu ni kuhepa, na kuhepa ndiko kunakochukua kosa la kurekebishika na kuligeuza mwisho wa safari.

Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili karo ilipokatika, kwa hivyo sina cheti cha kukutambia. Nilicho nacho ni miaka ya kukaa saiba nikipanga kurasa, kuprinti na kubaindi tasnifu za makomredi. Ripoti za ufanano zimepita mbele yangu nyingi, na nimegundua kitu: mwenye ripoti ndiye huwa wa mwisho kuisoma. Anaona namba, anashika kichwa, anafunga. Basi leo tuifungue pamoja.

Namba si hukumu

Programu inayotumika sana vyuoni ni Turnitin. Inachukua maneno yako, inayalinganisha na kurasa za intaneti, majarida na kazi za wanafunzi zilizohifadhiwa ndani yake, kisha inahesabu ni kiasi gani kinafanana. Ina rangi zake: kijani hadi asilimia 24, njano kutoka 25 hadi 49, chungwa kutoka 50 hadi 74, na nyekundu kuanzia 75. Kwa hivyo ile 43 yako ni njano. Lakini rangi inapima ufanano, haipimi nia. Wenye kampuni wenyewe husema hivyo: programu haiamui kama kuna wizi, anayeamua ni binadamu aliyekaa akasoma.

Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na asilimia 30 na asiwe na kosa, na mwingine akawa na 8 na awe amenyanyua kurasa mbili nzima za mtu bila hata kumtaja.

Chukua sehemu ile inayoitwa "eneo la utafiti". Kila anayeandika kuhusu Tana Delta lazima aseme kwamba Mto Tana ndio mrefu zaidi Kenya, kwamba kaunti ina maeneobunge matatu, yaani Garsen, Galole na Bura, kwamba sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943. Kuna njia ngapi za kusema hayo? Tasnifu zote za Tana River zinafanana hapo, na mashine itazipaka rangi zote. Vivyo hivyo majina ya taasisi, vichwa vya sura, tamko la mwanafunzi ukurasa wa kwanza, dodoso, na orodha ya marejeleo. Hayo si wizi. Ripoti nzuri huchujwa: nukuu zilizo ndani ya alama zinaondolewa, marejeleo yanaondolewa. Swali lako la kwanza kwa msimamizi, kwa hivyo, ni hili: je, ripoti hii ilichujwa au ni mbichi?

Kuna mtego mwingine ambao umenasa wengi. Ulipeleka rasimu kwa mtu "akucheckie" kabla hujaipeleka chuoni. Yeye akaiingiza kwenye akaunti ambayo huhifadhi kila kinachoingia. Wiki mbili baadaye chuo kinaingiza kazi hiyohiyo, mashine inasoma asilimia 90. Umefanana na wewe mwenyewe! Ukifungua ripoti utaona chanzo cha kwanza kimeandikwa kazi ya mwanafunzi, na tarehe yake ni ile siku uliyompa mtu wako. Hiyo inaelezeka, lakini lazima uwe na ushahidi: ujumbe wa simu, tarehe, rasimu. Ukikaa kimya, itasomeka kama umenunua kazi ya mtu.

Panga rangi zako kwenye mafungu

Iprinti ripoti yote. Najua wino ni ghali, lakini usisome jambo hili kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Chukua kalamu. Kila palipopakwa rangi, andika pembeni herufi moja.

A ni ya kawaida: majina, takwimu, marejeleo, nukuu zenye alama zake. Hapa huna la kuomba msamaha.

B ni maneno ya mtu uliyemtaja, lakini umesahau alama za kunukuu. Jina na mwaka vipo mwisho wa aya, ila aya nzima ni yake neno kwa neno. Msomaji anadhani wewe ndiwe umesema. Hili ni kosa, ila ni kosa la kurekebishika.

C ni kuvisha maneno ya mtu nguo nyingine. Hapa ndipo makomredi wengi wanapoteleza. Tutunge mfano. Kitabu kinasema: "Misheni ya Golbanti iliwekwa kwa ajili ya Waoromo, na mwaka 1886 mmishonari John Houghton na mkewe waliuawa katika uvamizi wa Wamaasai." Wewe ukaandika: "Misheni ya Golbanti iliasisiwa kwa ajili ya Waoromo, na mnamo 1886 mmishonari John Houghton na mke wake walipoteza maisha katika shambulizi la Wamaasai." Umebadilisha maneno, sentensi ni ileile, mpangilio ni uleule. Huo si muhtasari, ni kupaka rangi gari la mwenyewe. Dawa yake: funga kitabu, nenda kanywe chai, rudi uandike ulichoelewa na kwa nini kinahusu swali lako la utafiti. Halafu mtaje mwenye kitabu. Ukishindwa kuandika bila kuchungulia, hujaelewa bado.

D ni kazi yako mwenyewe ya zamani. Asaimenti ya mwaka wa tatu umeipachika sura ya pili bila kusema. Wengi hushtuka kusikia hilo linaweza kuwa kosa, maanake "si ni yangu?" Ni yako, lakini alama zake ulishapewa. Vyuo hutofautiana hapa, kwa hivyo soma kanuni za chuo chako kabla hujajitetea.

E ni aya ambayo haina mwenyewe. Umeitoa kwa mtu, hukumtaja popote, na unajua. Hapa usijidanganye.

Ukimaliza, hesabu. Mara nyingi utakuta ile 43 imegawanyika: nyingi ni A, kiasi ni B na C, na kuna kurasa mbili tatu za E ambazo ndizo kesi yenyewe. Sasa una kitu cha kusema mbele ya watu. Kabla ya hapo ulikuwa na namba tu, na namba haijitetei.

Na kama kazi si yako kabisa?

Hatuwezi kujifanya hatujui. Kenya inajulikana duniani kwa vijana wanaowaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao za chuo. Mwaka 2024 ilitoka filamu nzima juu yao, The Shadow Scholars, ikimfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, akiwatafuta waandishi hao wasioonekana. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuharamisha biashara hiyo. Na soko la hapa nyumbani lipo pia, mabango yake unayaona kwenye nguzo za stima karibu na kila chuo.

Ukiwa ulinunua, hakuna alama ya kunukuu itakayokuokoa. Kamati itakuuliza swali moja la sura ya tatu, kwa nini ulichagua sampuli hiyo na si nyingine, nawe utaangalia dari. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Njia iliyobaki ni kusema ukweli mapema na kuomba kurudia kazi kuanzia pendekezo, ukijua wanaweza kukataa. Aliyekuuzia hatasimama nawe. Tena huyo ana siri yako, na anaweza kurudi kukudai hela zaidi.

Maneno ni ya nani?

Turudi Golbanti, kwa sababu hapo ndipo suala zima linaonekana vizuri kuliko kwenye kitabu chochote cha kanuni.

Mtu akiandika historia ya Golbanti, vitabu atakavyopata vingi vimetokana na barua na kumbukumbu za wamishonari Waingereza wa karne ya 19. Ukikopi humo bila kufikiri, hunyanyui sentensi pekee. Unabeba na jina "Wagalla", ambalo vitabu hivyo viliwaita Waoromo na ambalo wenyewe wanaliona tusi. Msomaji yeyote wa Tarasaa au Garsen akikutana na neno hilo ndani ya tasnifu ya kijana wa leo, atajua mara moja kwamba hiyo aya haikutoka kichwani mwako. Kukopi kunakuja na harufu ya mwenyewe.

Sasa geuza upande. Umeenda kwa mzee, mkakaa chini ya mwembe saa mbili, akakueleza mto ulivyokuwa unapita zamani, mashamba ya mpunga yalikuwa ya nani, Wapokomo na Waorma walivyokubaliana njia za ng'ombe za kushuka majini, na wazee wa Gasa walivyoketi na wazee wa Matadheda kupatanisha. Umerudi chuoni, umeyaandika yote kama "inajulikana kwamba". Turnitin itakupa sifuri. Safi kabisa! Mzee hayuko kwenye intaneti, hajaandika kwenye jarida, mashine haimjui.

Lakini umeiba. Na ukiniuliza, huo ni wizi mbaya kuliko wa kukopi sentensi ya profesa wa London, kwa sababu profesa ana vitabu kumi vyenye jina lake na mzee hana hata ukurasa mmoja.

Watu wa Tana wanalijua jambo hili vizuri. Kamati ya watu watano iliyotayarisha wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963 ilitumia sauti ya wimbo wa akina mama wa Kipokomo wa kubembeleza watoto, na aliyeutoa ni Mzee Meza Moroa Galana. Nchi nzima husimama wima ikiuimba. Waulize marafiki zako kumi ulitoka wapi, uone wangapi watakujibu. Kutajwa kuna uzito, na asiyetajwa ndiye anayejua uzito wake.

Kwa hivyo unapopanga mafungu yako, ongeza fungu ambalo mashine haikulipaka: maneno ya watu uliowahoji. Waandike. Mahojiano, mahali, tarehe, na jina kama mwenyewe ameridhia. Kama mada ni moto, mfano yale mapigano ya 2012 Tana Delta yaliyoua zaidi ya watu 100, usiweke jina la mtu: tumia "Mhojiwa wa 7, Golbanti" na tarehe, na orodha halisi ibaki kwako na kwa msimamizi. Ukienda mbele ya kamati na sura ya pili yenye dosari lakini sura ya nne imejaa sauti za watu halisi, na daftari lako la mahojiano liko mkononi, unaonyesha kitu ambacho hakuna mwizi anaweza kukionyesha: kwamba uliifanya kazi.

Barua, kamati na haki zako

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo makomredi wananyang'anywa au wanajinyang'anya.

Katiba ya Kenya, Kifungu cha 47, inasema kila mtu ana haki ya kuchukuliwa hatua za kiutawala zilizo halali, za busara na zinazofuata utaratibu wa haki, na akiathirika ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Bunge likatunga sheria ya kutekeleza hilo mwaka 2015, na sheria hiyo inagusa taasisi za serikali na zisizo za serikali. Kwa lugha ya mtaa, kabla hujahukumiwa unatakiwa kupewa taarifa mapema ya kosa unalodaiwa, kupewa nafasi ya kujieleza, kuonyeshwa ushahidi watakaoutumia, kupewa sababu za uamuzi, na kuambiwa unaweza kukata rufaa wapi. Si fadhila. Ni sheria.

Basi, siku hiyohiyo uliyopata barua pepe, jibu. Usijitetee bado, usilie, usitaje wanafunzi wengine waliofanya hivyo pia. Andika mistari minne: nimepokea taarifa, naomba nakala kamili ya ripoti pamoja na vichujio vilivyotumika, naomba kanuni za chuo zinazohusu wizi wa kitaaluma, nitafika siku iliyotajwa, au naomba siku saba zaidi nijiandae. Weka nakala. Kila kitu kiwe kwa maandishi, hata mkiwa mmeongea kwa simu, andika baadaye "kama tulivyozungumza leo".

Kisha kusanya ushahidi wako: rasimu zote ulizonazo zikiwa na tarehe, maoni ya msimamizi, daftari la mahojiano, dodoso zilizojazwa, kibali cha NACOSTI, barua pepe. Kama uliandika kwenye Google Docs, kuna historia ya mabadiliko inayoonyesha sentensi zilivyokua siku hadi siku. Hiyo ni dhahabu.

Peleka maelezo ya ukurasa mmoja au mbili yakifuata yale mafungu yako. Hizi kurasa ni A, sababu hizi hapa. Hizi ni B na C, nimekosea, marekebisho yameambatishwa. Hizi ni E, sikumtaja mwenyewe, nawajibika. Ukikana kila kitu, kamati itachukua ile aya moja ya E na kuikunjia tasnifu nzima. Ukikiri kila kitu kwa woga, utabeba hata makosa ambayo si yako. Sema ukweli wa kiasi chake, usizidishe wala usipunguze.

Je, msimamizi alisoma rasimu zako? Uliza hilo kwa heshima. Mwaka 2019, JKUAT ilipotunuku shahada za uzamifu 118 katika mahafali moja, nchi ilishtuka, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaingia kuchunguza, na moja ya hoja zilizozungumzwa ni wasimamizi kubeba wanafunzi wengi kupita kiasi. Msimamizi aliyelemewa hafuti kosa lako, lakini kama ulipeleka sura mara tatu na hakuna aliyeweka hata alama ya kuuliza, kamati inapaswa kulijua hilo kabla ya kupima adhabu.

Uamuzi ukitoka na huridhiki, kata rufaa ndani ya chuo kwanza, tena ndani ya muda uliowekwa. Usikimbilie Mahakama Kuu: sheria ileile ya 2015 inaitaka mahakama isisikilize kesi kabla njia za ndani hazijaisha, isipokuwa kwa sababu maalumu. Ukiwa chuo cha umma na barua zako hazijibiwi, unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaiita Ombudsman, na hailipishi.

Na wakisema ni roboti ndiye ameandika?

Siku hizi ripoti inaweza kuja na namba ya pili: asilimia ya maandishi yanayodhaniwa kuwa ya akili bandia. Turnitin ilianza kutoa namba hiyo Aprili 2023. Ichukulie tofauti kabisa na ile ya kwanza. Ufanano unakuonyesha chanzo, unaweza kukifungua ukaangalia. Hii ya pili haikuonyeshi chanzo chochote. Ni makisio.

Na makisio yanakosea. OpenAI, wenye ChatGPT, walikuwa na programu yao ya kutambua maandishi ya roboti, wakaifunga Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Chuo kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilizima kifaa cha Turnitin Agosti mwaka huohuo. Watafiti wa Stanford walijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuandikwa na roboti. Sasa wewe uliyeanza kuongea kwa Kipokomo au Kiorma, ukajifunza Kiswahili, ndipo ukafika Kiingereza, fikiria unavyosimama mbele ya mashine hiyo.

Dawa ni ileile: rasimu, tarehe, historia ya mabadiliko, na kuwa tayari kueleza kazi yako kwa mdomo. Omba mwenyewe kuhojiwa juu yake. Aliyeandika haogopi kuulizwa. Na kama kweli ulimtumia roboti, soma kanuni za chuo zinaruhusu nini, kisha sema ulimtumia wapi.

Wakubwa nao walishikwa

Usidhani ni jambo la wanafunzi maskini. Februari 2011, waziri wa ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, aliambiwa tasnifu yake ya uzamifu imejaa maneno ya watu. Akajibu kwa dharau kwamba madai hayo hayana maana. Watu wa kawaida wakakaa kwenye intaneti wakaipekua ukurasa kwa ukurasa. Mwezi huohuo chuo chake, Bayreuth, kikafuta shahada, na tarehe 1 Machi akajiuzulu.

Norway ndiyo stori inayonichekesha na kuniuma pamoja. Mwanafunzi mmoja aliadhibiwa kwa kurudia kazi yake mwenyewe bila kujitaja, akashinda kwenye mahakama ya rufaa, na wizara ya elimu ya juu ikaamua kumfuata hadi Mahakama ya Juu. Mwanafunzi mwingine akakasirika, akaitafuta tasnifu ya waziri mwenyewe, Sandra Borch, ya mwaka 2014. Akakuta aya za watu humo, hata makosa ya tahajia yalikuwa yaleyale ya kwenye chanzo. Januari 2024 waziri akajiuzulu. Ndiyo maana nakwambia kukopi kunakuja na harufu.

Halafu kuna Martin Luther King. Mwaka 1991, zaidi ya miaka 20 baada ya kuuawa, kamati ya Boston University ilithibitisha kwamba sehemu za tasnifu yake ya 1955 zilitoka kwa wengine bila kutajwa ipasavyo. Hawakuifuta shahada. Waliambatisha barua kwenye nakala ya maktaba ikieleza walichokuta. Wengine husoma hapo kwamba jina kubwa linalindwa, na hawana makosa kuuliza. Mimi nasoma pia jambo lingine: kosa liliandikwa wazi, mahali pake, kwa kiasi chake, na kazi nyingine ya mtu ikabaki kazi yake.

Nyumbani utasema nini

Hili ndilo gumu kuliko kamati. Golbanti si mji wa kujificha. Ukirudi Desemba bila gauni, mtu wa bodaboda atakuuliza kabla mama hajakuuliza. Na kuna pesa za watu: ng'ombe aliyeuzwa, mchango wa kanisani au msikitini, mkopo wa HELB ambao utadaiwa uwe na cheti au usiwe nacho.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Waambie wewe, mapema, kwa simu kama nauli hakuna. Sema kwa maneno mepesi: mama, kazi yangu imekutwa na sehemu ambazo sikuonyesha nimezitoa wapi, naitwa kujieleza, huenda nikaambiwa niandike upya na nichelewe mwaka. Wazazi wengi hawatauliza Turnitin ni nini. Watauliza kama utamaliza. Wajibu kwa unachokijua, usiwaahidi usichokijua.

Kama hali ni nzito kiasi kwamba usingizi umepotea na mawazo yanakuwa meusi, usikae nayo peke yako chumbani. Ofisi ya ushauri nasaha ya chuo ipo kwa ajili hiyo, na rafiki mmoja anayejua kusikiliza anatosha kwa usiku wa kwanza. Tasnifu huandikwa upya, mtu haandikwi upya.

Wengi watakaopewa nafasi ya kurekebisha wataona ajabu moja: kazi ya pili huwa nzuri kuliko ya kwanza, maanake safari hii kila sentensi umejiuliza imetoka wapi. Ukishaimaliza na kuibaindi, printi nakala moja zaidi. Ipeleke kwa yule mzee wa chini ya mwembe, mfungulie ukurasa uliomtaja, umsomee alichosema. Kama uliandika tofauti na alivyokwambia, atakurekebisha hapohapo, na yeye hana haja ya mashine.